Mbunge wetu "kawanyima watoto bima"? Simamisha hiyo klipu kwanza

Mama Neema wa Atlanta kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Kwenye grupu letu la WhatsApp inazunguka klipu ya sekunde 30, kuna mtoto anahema kwa shida, halafu sauti inasema mbunge wetu alipiga kura kuwanyima watoto bima ya afya, mpigie simu umwambie aache. Wanangu wawili wamezaliwa hapa na wako PeachCare. Mume wangu anasema ni uongo wa kampeni, rafiki yangu wa kanisani anasema ni kweli tupu, na chini ya klipu kuna vimaandishi vya namba ambavyo hamna aliyevielewa. Mwaka huu ndo nitapiga kura mara ya kwanza tangu nipate uraia. Nimwamini nani, je wanangu watakatwa, na kama ni uongo kuna pa kuwashtaki waliotengeneza?"

Mama Neema, shikamoo kama umenizidi, na kama mimi ndo nimekuzidi basi marahaba, kwenye maandishi umri hauonekani.

Nianze na watoto maana najua ndo kinachokukosesha usingizi: hapana, klipu haiwakati, na hela za PeachCare, hiyo bima ya watoto ya Georgia, zilishapitishwa mpaka 2029. Kuna kitu kingine kinachoweza kuwakata ila nitakuja nacho mwishoni. Sasa kuhusu nani mkweli kati ya mumeo na rafiki yako, pengine wote wawili wameshika upande mmoja mmoja wa kanga ileile. Nimefuatilia hizi kura za bima ya watoto miaka mingi, nazisoma kama wengine wanavyosoma matokeo ya Simba na Yanga, na nakwambia tangazo la uongo wa kutunga mwanzo mwisho ni nadra sana, wanaoyatengeneza wana mawakili. Wanachofanya ni kuchukua kura iliyopigwa kweli, wanakata kichwa, wanakata mkia, wewe unaletewa kiwiliwili tu. Ukikagua neno moja moja kila neno lina ushahidi wake, lakini picha uliyobaki nayo kichwani siyo iliyotokea.

PeachCare ni jina la Georgia tu (jimbo lenu kila kitu ni pichi), kitaifa programu inaitwa CHIP na zamani ilikuwa SCHIP. Ilianza 1997 Clinton akiwa rais, Seneti iliisukuma kwa mikono ya Ted Kennedy wa Democratic na Orrin Hatch wa Republican, na hela ya kuanzia ilitoka kwenye kodi ya sigara. Ni ya watoto ambao wazazi wao wana kipato kilichozidi kidogo kile cha kupata Medicaid (bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini) lakini bima ya kununua wenyewe hawaiwezi. Ukitaka kuifananisha na ya nyumbani fikiria Toto Afya Kadi, ila huku sehemu kubwa ya gharama inabebwa na serikali kuu na jimbo linamalizia. Tatizo ni kwamba hela za CHIP hazipitishwi moja kwa moja milele, bunge linazipitisha kwa miaka kadhaa, zikikaribia kuisha lazima wapige kura upya, na kila mara hiyo ikifika mswada wa bima ya watoto unageuka daladala ya mwisho usiku, kila mwenye kiroba chake anataka kupakia humo kwa sababu anajua hamna konda atakayethubutu kuizuia. Halafu mbunge akikataa kwa sababu ya kiroba, tangazo linakwambia kakataa watoto.

Mfano mzuri kuliko yote ni 2007, na nitakaa hapo kidogo maana ukiuelewa ule mwaka utakuwa umeelewa karibu kila klipu itakayokufikia. Hela zilikuwa zinaisha Septemba 30, na kwenu Georgia hali ilikuwa mbaya hata kabla ya hapo, PeachCare ilisimamisha kuandikisha watoto wapya kwa sababu fungu lilikuwa linakauka. Agosti 1 Baraza la Wawakilishi likapitisha mswada wao kwa kura 225 kwa 204. Ndani yake kulikuwa na nyongeza ya karibu dola bilioni 50 kwa ajili ya watoto, kodi ya sigara juu, NA ndani ya hukohuko wakapunguza malipo kwa kampuni binafsi zinazohudumia wazee wa Medicare, bima ya serikali ya wazee. Umeona mchezo? Aliyesema hapana akapigwa na matangazo kuwa kawakataa watoto, aliyesema ndiyo akaambiwa kawakata wazee matibabu. Kura moja, siku moja, mswada mmoja, na kila upande ulikuwa na kipande chake cha kweli cha kumpigia mwenzake. Na ule mswada wala haukufika popote, Seneti walikuwa na wa kwao.

Mwisho wakakubaliana kwenye mswada namba H.R. 976: dola bilioni 35 zaidi kwa miaka mitano, kodi ya sigara kutoka senti 39 hadi dola 1 kwa pakiti, na watoto wanaofaidika waongezeke kutoka kama milioni 6 hadi karibu milioni 10. Ukapita Baraza la Wawakilishi 265 kwa 159, Seneti 67 kwa 29, Warepublican wengi tu walikuwemo. Rais Bush wa Republican akautupilia mbali kwa kura ya turufu Oktoba 3, yeye alikuwa anataka nyongeza ya bilioni 5 basi. Oktoba 18 wabunge wakajaribu kumpindua, ikawa 273 kwa 156, na kwa kuwa kumpindua rais kunahitaji theluthi mbili walipungukiwa kura 13.

Msimu ule wote redio na TV ziliwaka. Waliokataa wakaandamwa majimboni kwao, hata kuna kundi la Wakatoliki liliweka matangazo ya redio kwenye majimbo ya wabunge kumi wanaopinga utoaji mimba, likiuliza inakuwaje mtu anayejiita mtetezi wa uhai anakataa afya ya watoto maskini. Kwa ufundi wa maneno ni kali sana ile. Ila msikilizaji wa kawaida alibaki anaamini kwamba kuna mtoto ana kadi leo na kesho mbunge kaichukua, wakati kilichotokea ni kwamba wamekataa KUONGEZA. Watoto milioni 6 waliokuwa ndani walibaki ndani, programu ikaendelea kwa nyongeza za muda mfupi, na Desemba 29 Bush mwenyewe akasaini sheria ya kuipeleka mpaka Machi 2009, ambayo karibu bunge zima liliipigia kura ya ndiyo wakiwemo wengi wa walewale 156. Hiyo kura ya Desemba hukuiona kwenye tangazo lolote.

Sasa usije ukadhani nawatetea. Kukataa kuongeza siyo kitu kidogo. Wataalamu wa bajeti wa bunge lenyewe walikadiria kwamba karibu watoto milioni 4 ambao wasingekuwa na bima yoyote wangeipata kupitia ule mswada, kwa hiyo mtu akisema "mbunge wako kawafungia mlango watoto milioni 4 waliokuwa nje" mimi nasaini, hiyo ni kweli na inauma vizuri tu bila kutiwa chumvi. Lakini wataalamu haohao walisema pia karibu theluthi ya watoto ambao wangeingia walikuwa na bima binafsi tayari na wangehama tu, na hiyo ndo ilikuwa hoja ya upande wa pili. Unaweza kuiona dhaifu, mimi naiona dhaifu, ila ni hoja ya mtu na akili zake siyo ya mtu anayechukia watoto.

Na upande wa pili nao walipotosha, tena kutoka Ikulu. Bush alirudiarudia kwamba ule mswada ungewapa bima familia zenye kipato cha dola 83,000 kwa mwaka, watu wakashangaa, hao maskini gani? Ilikotoka hiyo namba: New York waliomba kuandikisha watoto wa familia zenye kipato mpaka mara nne ya mstari wa umaskini, kwa familia ya watu wanne ilikuwa inafika kama dola 82,600. WALIOMBA. Na waliowakatalia ni serikali ya Bush huyohuyo. Mswada haukulazimisha jimbo lolote kufika huko. Halafu kukawa na yale ya wahamiaji wasio na karatasi, kwamba pesa zitaenda kwao, wakati ndani ya mswada kulikuwa na kifungu kinachosema waziwazi hela za serikali kuu zisitumike kwa mtu aliyeko nchini kinyume cha sheria. Kilicholegezwa ni namna ya kuthibitisha uraia, jimbo lingeruhusiwa kukagua namba ya sosho sekyuriti badala ya kudai cheti cha kuzaliwa au pasipoti. Kutoka hapo mpaka "bima kwa haramu" ni safari ndefu ila sekunde 30 zinaimaliza.

Kichekesho kimoja kabla sijaondoka 2007. Ile H.R. 976 ilipozaliwa mwezi Februari haikuwa ya watoto kabisa, ilikuwa mswada wa kupunguzia kodi biashara ndogondogo. Katiba yao inataka miswada ya kodi ianzie Baraza la Wawakilishi, kwa hiyo Seneti wakachukua mswada uliopita tayari, wakautoa utumbo, wakajaza bima ya watoto na kodi ya sigara. Namba ileile, nyama tofauti! Sasa mtu akikwambia "mbunge huyu aliunga mkono H.R. 976 halafu akageuka akaipinga", anasema kweli kabisa na anakudanganya kabisa.

Mwaka 2009 Obama alipoingia akasaini ile nyongeza Februari 4, wiki mbili tu ofisini, kodi ya sigara ikawa dola 1 na senti 1, hadithi ikalala.

Halafu 2017 wakabadilishana viti, na hii ndo nawapa wale wanaodhani ni chama kimoja tu chenye mchezo huu. Hela zikaisha Septemba 30, 2017, Warepublican ndo wameshika kila kitu, na wakaziacha ziishe. Novemba 3 Baraza la Wawakilishi likapitisha mswada kwa 242 kwa 174, Wademokrat wengi wakakataa, kwa nini? Kwa sababu hela za watoto zilikuwa zinachukuliwa kwenye mfuko wa kinga ya magonjwa, na pia walitaka mtu mwenye bima ya Obamacare (ile ya sheria ya afya ya Obama) aliyechelewa kulipa asubiriwe siku 30 badala ya 90 kabla hajakatwa. Kiroba kwenye daladala. Wakati huo Colorado wanatuma barua kwa wazazi kuwaambia wajiandae, Alabama wanatangaza hawataandikisha watoto wapya kuanzia Januari, na bunge likatupa dola bilioni 2.85 za kuzibia matundu kabla ya Krismasi. Niliongea na wazazi kadhaa kipindi kile walikuwa wanawapeleka watoto wote kwa daktari wa meno Desemba hata wasioumwa, yaani wahi kabla hawajafunga.

Januari 2018 wakaweka miaka sita ya CHIP ndani ya mswada wa kuendesha serikali kwa wiki chache tu. Wademokrat walikuwa wanadai kwanza suala la vijana waliokuja utotoni bila karatasi, wale wa DACA, litatuliwe, wakakataa. Usiku wa Januari 19 Seneti ikawa 50 kwa 49 na zilihitajika 60, serikali ikafungwa siku tatu, na hapohapo kauli ikawa tayari: wamepiga kura dhidi ya watoto milioni 9. Kweli? Walisema hapana kwenye mswada wenye bima ya watoto, ndiyo. Ila waliokuwa na wingi wa kupitisha ile bima peke yake tangu Septemba walikaa nayo karibu miezi minne, na wataalamu wa bajeti walikuwa wameshawaambia mwezi huohuo wa Januari kwamba kuipitisha kwa miaka kumi kungeOKOA serikali karibu dola bilioni 6, kwa hiyo hata ile sababu ya "hela zitatoka wapi" haikuwepo. Januari 22 ukapita 81 kwa 18, Februari wakaongeza miaka minne mingine.

Na ukitaka kujua "alipiga kura hapana" inavyoweza kuwa haina maana yoyote, angalia usiku ule wa 50 kwa 49. Mmoja wa waliosema hapana ni Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublican, mwenye mswada! Hakuupinga, kanuni za Seneti zinataka aliye upande ulioshinda ndo aweze kuomba kura irudiwe, kwa hiyo kiongozi akiona anashindwa anahamia kule kusudi. Mtu angetaka angetengeneza klipu: "McConnell alipiga kura dhidi ya bima ya watoto." Na vimaandishi chini na tarehe, vyote sahihi.

Sasa turudi kwenye klipu yenu. Vile vimaandishi vya chini ndo mali, siyo yule mtoto anayehema. Simamisha video, piga skrinshoti, vuta. Utakuta herufi H.R. au S. na namba, hiyo ni namba ya mswada, na mara nyingi utakuta namba ya kura pamoja na tarehe. Ingia congress.gov uandike ile namba PAMOJA na mwaka, maana kila bunge jipya, yaani kila miaka miwili, namba zinaanza upya na H.R. 976 ya mwaka mmoja haina undugu na ya mwaka mwingine. Ukifika angalia tarehe ya kura kwanza, nimeshaona matangazo yanatumia kura ya miaka kumi nyuma kama ya jana. Kisha angalia ilikuwa kura ya nini: kupitisha mswada, au kurekebisha kipengele, au kurudisha kamatini, au kufunga mjadala tu, maana nyingi zinazotumika kwenye matangazo ni hizi za taratibu, zinachaguliwa kwa sababu hamna anayezielewa. Angalia na viroba, muhtasari wa mswada upo hapohapo na siyo mrefu. Na shuka chini uone wiki zilizofuata alipigaje, kama kulikuja mswada mwingine wa kitu hichohicho. Kazi yote dakika 20, mwambie mumeo afanye yeye si ndo anasema ni uongo.

Kama hamna vimaandishi kabisa, hamna namba hamna tarehe, hiyo usiisambaze tu, iishie kwako.

Umeuliza pia kama kuna pa kuwashtaki waliotengeneza. Hamna, au niseme karibu hamna. Tangazo la mgombea mwenyewe likienda redioni au TV ya kawaida kituo hakiruhusiwi kulikataa wala kulihariri hata kikijua lina uongo, sheria ya mawasiliano ya 1934 ndivyo ilivyo. La kundi la nje kituo kinaweza kulikataa, wachache hukataa. Ohio walikuwa na sheria ya kuadhibu uongo wa kampeni, mbunge wao Steve Driehaus akaitumia 2010 dhidi ya kundi lililotaka kuweka mabango kwamba kura yake kwa sheria ya afya ya Obama ni kura ya kugharamia utoaji mimba kwa hela za walipakodi. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya nchi 2014, kundi likaruhusiwa kuendelea kuipinga ile sheria, na miaka miwili baadaye mahakama ya rufaa ikaizika kwa sababu ya uhuru wa kusema. Driehaus ubunge alishaupoteza zamani. Na ile "mpigie simu umwambie aache" siyo adabu, ni ujanja wa kukwepa sheria za kampeni: kundi likisema "msimchague" linaingia kwenye masharti ya kampeni, likisema "mpigie simu" linaweza kudai linaelimisha umma tu.

Kuna moja ya karibuni utaisikia sana kuelekea uchaguzi wa Novemba, ile sheria kubwa ya Trump ya kodi na matumizi aliyosaini Julai 4, 2025. Ilipita 218 kwa 214 upande wa wawakilishi, na Seneti ikawa 50 kwa 50 mpaka makamu wa rais akaivunja sare. Aliyesema ndiyo ataambiwa kakata afya ya watoto, aliyesema hapana ataambiwa kapandisha kodi kwa kila familia, na mpaka hapa ushajua kwa nini wote watakuwa na vimaandishi sahihi. Makato yake makubwa yako Medicaid. Ila kuna kipengele humo naomba ukipeleke kwenye grupu badala ya ile klipu: kuanzia Oktoba 1, 2026 inabana wageni wanaoruhusiwa kwenye Medicaid na CHIP za hela za serikali kuu, na waliokuja kama wakimbizi au waliopewa hifadhi na bado hawana grinikadi ni miongoni mwa wanaoguswa. Pale Clarkston, jirani na Atlanta, kuna ndugu zetu wengi wa Kongo wa hali hiyo. Waulizie mapema, na wenye sifa za kuomba grinikadi wasikae na zile fomu.

Wanao wewe hawamo humo, wamezaliwa hapa. Kinachoweza kuwakata, kile nilichosema nitakuja nacho, ni bahasha. Baada ya korona, serikali iliporudisha ukaguzi wa kila mwaka 2023, zaidi ya watu milioni 20 nchi nzima walitolewa Medicaid na CHIP na wengi wao siyo kwamba kipato kilizidi, ni fomu haikurudi, barua ilienda anwani ya zamani, simu ilibadilishwa namba. Kama mmehama nyumba tangu mwaka jana ingia kwenye akaunti yako ya Georgia Gateway (tovuti ya jimbo ya hizi bima) leo uangalie anwani waliyonayo ni ipi, na tarehe ya kuhuisha ya kila mtoto, maana wanaweza kuwa na tarehe tofauti.